Kiko kinalia, ulimi unawaka: kosa liko wapi?

“Salaam aleikum mtaalamu. Nina miaka 36, naishi Tudor, na maishani sijawahi kuvuta sigara. Miezi miwili iliyopita shemeji yangu anayefanya kazi melini aliniletea kiko cha mbao, kile cha kupinda, pamoja na pakiti ya gramu 50 ya tumbaku inayonukia vanila. Huvuta barazani jioni, mara tatu au nne kwa wiki. Kinazimika kila baada ya dakika mbili. Nikivuta kwa nguvu kisizimike, ulimi unawaka kama nimetafuna pilipili mbuzi, na kesho yake hata ladha ya chai siipati. Kikifika nusu kinaanza kulia ndani kama maji yanayochemka, na mara nyingine majimaji machungu yananiingia mdomoni. Rafiki mmoja anasema ninunue kiko cha bei chenye filta, mwengine anasema nipake asali ndani. Wote wawili wanasema kiko hakina madhara ya sigara maadamu moshi haumezwi. Kosa ni langu, la kiko, au la tumbaku? Na nina mtoto wa miaka miwili nyumbani, je, niwe na wasiwasi?”

Waaleikum salaam ndugu yangu. Kuzimika, kuunguza, kulia na kutoa majimaji umeyahesabu kama maradhi manne, lakini yote yanatoka kisima kimoja. Tumbaku yako ina maji mengi, na ile haraka ya kuizuia isizimike ndiyo inayoyageuza maji hayo kuwa mvuke. Kiko chenyewe huenda kizima kabisa, na hapa chini utaona jinsi ya kukipima. Ila swali lako la mwisho lina uzito kuliko mengine, kwa hivyo tuanze nalo.

Waliokwambia kiko hakina madhara wamekosea. Ni kweli kwamba mvutaji kiko asiyeshusha moshi mapafuni ana hatari ndogo ya saratani ya mapafu kuliko mvuta sigara wa kila siku, lakini bado ni kubwa kuliko ya mtu asiyevuta kitu. Na moshi usioshuka unakaa palepale: kwenye midomo, ulimi, kaakaa na koo. Ndiyo maana saratani za mdomo, koo na umio huwapata wavuta kiko pia. Jambo hili si geni hata kidogo. Mwaka 1795 tabibu Mjerumani Samuel Thomas von Soemmerring aliandika kwamba saratani ya mdomo wa chini huwaandama watu wa kiko, mahali hasa panapokaa mkono wa kiko kati ya mdomo na meno.

Uraibu nao hauhitaji mapafu. Moshi wa sigara una asidi kidogo, kwa hivyo nikotini yake haipenyi vizuri mdomoni na ndiyo sababu mvuta sigara huushusha. Moshi wa tumbaku nyingi za kiko umeelemea upande wa alkali, na nikotini katika hali hiyo hupita kwenye ngozi laini ya mashavu moja kwa moja hadi kwenye damu. Wauza ugoro wanaijua kanuni hii bila kusoma kemia: wanatia magadi ili ukali utoke upesi. Ukiwahi kupatwa na kizunguzungu, jasho baridi na kichefuchefu ukiwa na kiko mkononi, hiyo ni nikotini iliyozidi. Weka kiko chini, kaa penye hewa, kunywa kitu chenye sukari.

Kwa hivyo, wewe ambaye hujawahi kuvuta, jibu la kiafya ni kuacha sasa, wakati mwili haujazoea. Miezi miwili ya mara tatu kwa wiki bado ni kamba nyembamba. Ukiona siku usiyovuta unakasirika ovyo au jioni inakuwa na pengo, kamba imeanza kunenepa. Nakuambia haya mapema ili yanayofuata uyasome ukijua bei yake. Uamuzi ni wako mtu mzima, na kama utaendelea, basi usiendelee kujiunguza, kwa sababu mdomo unaobabuliwa kila jioni unaongezewa jeraha juu ya sumu.

Sasa tuje kwenye ile sauti. Wazee wa pwani walikuwa na jina lake: malio. Kiko cha zamani kilikuwa na bori la udongo la kutilia tumbaku, digali la kuteremsha moshi, kifuu cha nazi au kibuyu kidogo chenye maji, kisha shilamu ya kuvutia. Moshi ulipopita majini ukatoa malio, mvutaji alijua chombo chake kimefungwa sawasawa. Kiko chako cha Kizungu kina bori na shilamu na shingo inayoviunganisha, lakini chombo cha maji hakina. Kikilia, ni maji yaliyojikusanya pasipo pake, kwa kawaida pale ncha ya shilamu inapoingia shingoni. Kwenye kiko cha kupinda pale ndipo pamelala chini, kwa hivyo maji yakifika yanatuama.

Yametoka wapi? Mengi yametoka kwenye tumbaku yenyewe. Viwanda aghalabu hufunga tumbaku ya kiko ikiwa na unyevu wa karibu asilimia 20 ya uzito wake, ili isivunjike safarini na harufu isipotee. Huwaka vizuri ikiwa karibu na asilimia 13. Tumbaku za kunukia kama hiyo ya vanila huongezewa propilini glikoli, kimiminika cha kushika unyevu na harufu, na hiyo haikauki hata uianike siku nzima. Kisha kuna maji yanayozaliwa na moto. Jani lolote linapoungua, haidrojeni iliyomo huungana na oksijeni ya hewa ikawa maji, kwa hivyo hata tumbaku kavu hutoa mvuke kidogo. Mwisho ni mate ya mvutaji, na mgeni huwa na mate mengi kwa sababu anauma shilamu muda wote.

Juu ya hayo weka hewa ya Mombasa. Jani la tumbaku ni kama chumvi ya jikoni kwetu, hunywa unyevu wa hewa mpaka walingane. Hapa unyevu wa hewa mara nyingi hupita asilimia 75, na alfajiri na usiku huzidi hapo. Pakiti uliyoifungua miezi miwili iliyopita na kuikunja kwa mpira wa noti inazidi kulowa badala ya kukauka. Maelekezo mengi yameandikwa na watu wa nchi baridi ambao nyumba zao hukausha kila kitu, ndiyo maana utasikia ushauri wa kutia ganda la chungwa au kipande cha tufaha ndani ya tumbaku ili irejee uhai. Huku kwetu fanya hivyo na baada ya wiki utafungua ukungu.

Kuungua kwa ulimi nako kunaelezeka. Mkono unaweza kupita kwenye hewa ya moto ya tanuri ya mkate kwa nukta kadhaa usidhurike, lakini funua sufuria ya pilau mkono ukiwa juu yake, utaruka. Mvuke umebeba joto lililofichika, na ukigusa kitu cha baridi ukarudi kuwa maji, hulitua joto hilo lote mahali hapo. Ulimi wako ndicho kitu cha baridi. Tumbaku mbichi haiwezi kushika moto mpaka maji yake yachemke kwanza. Kaa dogo lililoko juu linatumia nguvu zake kukausha jani la chini, linashindwa, linazimika. Wewe unavuta kwa nguvu kulisaidia, joto linapanda, mvuke unaongezeka, na wote unaishia kwenye ncha ya ulimi.

Mvuke hauko peke yake. Tumbaku aina ya Virginia, iliyokaushwa kwa joto la mabomba, ina sukari nyingi na huwaka kwa ukali ikivutwa haraka. Aina ya Burley, iliyokaushwa kwa hewa, haina sukari ya maana na moshi wake una alkali zaidi, na alkali huchuna ulimi kama chokaa ya tambuu iliyozidi. Kwa hivyo kuna ndimi zisizopatana na aina moja hata ikikaushwa vizuri. Hilo utaligundua baada ya kuondoa maji, kabla ya hapo huwezi kulijua.

Kukausha, basi. Chukua tumbaku ya kujaza mara moja tu, gramu 2 hivi. Ichambue kwa vidole mpaka hakuna donge, itandaze kwenye karatasi nyeupe isiyo na maandishi. Fanya hivi kati ya saa tano asubuhi na saa tisa alasiri, wakati hewa ina afadhali, chini ya feni au katika chumba chenye kiyoyozi, kwa sababu kiyoyozi huvuta unyevu wa chumba. Usiiache nje usiku, itanywa. Jua kali la moja kwa moja hulifanya jani kuwa vumbi juu huku ndani likibaki bichi. Dakika 30 hadi 60 hutosha kwa iliyokatwa nyembamba. Vipande vinene vinataka zaidi.

Kipimo ni vidole. Finya kidogo kati ya dole gumba na cha shahada, kisha achia. Ikibaki donge, ina maji. Ikifunguka taratibu kama sifongo na haikugandi, iko tayari. Ikitoa sauti ya majani makavu na kumeguka, umepitiliza, na hiyo nayo itawaka kwa kasi na kuuma. Ukiwa na mizani ndogo kama ya sonara, pima gramu 10 za tumbaku isiyo na manukato. Zikishuka mpaka gramu 9.2 hivi umetoka asilimia 20 ukafika 13. Kwa vanila yako mizani haitasaidia sana, kwa sababu ile glikoli inabaki na uzito wake. Ikaushe mpaka uone kama imezidi kukauka kidogo, ndipo itakuwa sawa.

Iliyobaki igawe katika chupa ndogo za glasi zenye mfuniko wa kubana wenye raba, usiirudishe pakitini. Chupa ndogo nne ni bora kuliko moja kubwa, maana kila ufunguapo unaingiza hewa ya Mombasa. Friji si mahali pake: chupa baridi ikifunguliwa jikoni, maji hutonea ndani palepale. Angalia pia vitundu vidogo vya mviringo kwenye majani, ndiye mdudu wa tumbaku, anayestawi sana kwenye joto. Ukiona ukungu, ule wa manyoyamanyoya wenye harufu ya godoro lililolowa, tupa yote. Usiukate upande mmoja ukavuta upande mwingine.

Kujaza ndiko kunakowashinda wengi. Wakufunzi wa kiko wana usemi wa tangu zamani: tabaka la kwanza kwa mkono wa mtoto, la pili kwa mkono wa mwanamke, la tatu kwa mkono wa mwanamume. Yaani chini legelege, kati imeshika kidogo, juu imeshika zaidi lakini ukigusa inanesa. Dondosha tumbaku bila kusukuma mpaka bori lijae, shindilia polepole mpaka lifike nusu. Jaza tena, shindilia lifike robo tatu. Jaza tena kwa usawa wa ukingo, shindilia kidogo. Kabla ya kiberiti, vuta hewa tupu. Inapaswa kupita kama unavyovuta maji ya dafu kwa mrija: yapo mazuio madogo, lakini huhangaiki. Ikipita kama uji mzito, mwaga ujaze upya. Ikipita bila kuzuiliwa kabisa, imelegea na itazimika. Kwa mwezi wa kwanza jaza nusu ya bori tu, kwa sababu nusu ya chini ndiyo yenye taabu na unataka uifikie ukiwa bado una subira.

Washa kwa kiberiti cha njiti, na uache kichwa kimalize kuwaka kwanza ndipo usogeze moto, la sivyo utaonja salfa. Zungusha moto juu ya tumbaku yote huku ukivuta kidogo mara tatu au nne. Utaona majani ya juu yanainuka na kujikunja kama nywele zilizoguswa na moto. Hapo wacha kizimike chenyewe. Gusa juu kwa kishindilio ili pawe sawa, kwa uzito wa kishindilio chenyewe bila nguvu ya mkono, kisha washa mara ya pili. Huu moto wa pili ndio wa kuvutia.

Na hapa ndipo penye siri ya mambo yote. Mtu aliyewahi kupalia makaa juu ya mfuniko wa wali anajua kwamba kaa lililofunikwa majivu hudumu, na lililopepewa huisha upesi kwa moto mkali. Kiko kinatakiwa kiwe kaa la kupaliwa. Vuta kwa mashavu, kidogokidogo kama unavyoonja kahawa chungu ya kikombe kidogo, kisha kiache. Ukiona moshi mwepesi unaelea juu ya bori, moto upo, huna haja ya kufanya lolote. Majivu usiyamwage kila mara, yaache yafunike kaa. Pima joto kwa kuweka bori kiganjani: ukishindwa kulishika mpaka uhesabu tano, liweke chini dakika tano.

Kuzimika si aibu. Hata mzoefu huwasha upya mara tatu, nne. Katika mashindano ya kuvuta kiko huko Ulaya kila mshindani hupewa gramu 3 za tumbaku na njiti 2 za kiberiti, na mabingwa hukaa zaidi ya saa mbili na gramu hizo. Wewe hushindani na mtu. Bori la kawaida lichukue dakika 40 mpaka saa, na ukilimaliza kwa dakika 15, hapo ndipo ulimi ulipounguzwa.

Baraza lako nalo lina neno. Upepo wa kaskazi ukivuma jioni, bori lililo wazi ni jiko linalopepewa na mtu usiyemwona. Geuza kiti, kaa mahali ukuta unapokukinga na upepo, au weka kifuniko cha waya kinachouzwa kwa ajili ya bori. Na ukiwa nje ya nyumbani, kumbuka kwamba sheria ya Kenya ya kudhibiti tumbaku ya mwaka 2007 imekataza kuvuta katika maeneo ya umma isipokuwa palipotengwa. Haibagui kiko na sigara.

Malio yakianza katikati, usivute kwa nguvu na usifungue shilamu. Mbao ya moto imetanuka, na ncha ya shilamu ikizungushwa hapo huvunjika ndani ya shingo, ajali ya kawaida kabisa kwa wageni. Chukua waya wa kusafishia, ule mwembamba uliovikwa nyuzi za pamba, uingize kupitia mdomo wa shilamu mpaka ufike bori, hesabu kumi, utoe. Utatoka na rangi ya kahawa na umelowa. Hayo ndiyo yaliyokuwa yakikuingia mdomoni: maji, lami na nikotini. Yakikupata, tema na usukutue, usimeze.

Waya huo huo ndio kipimo cha kiko chako. Kikiwa baridi, upitishe. Ukikwama kwenye pindo, umekosa njia ya kukausha kiko kikiwa kinawaka, na hapo kweli kiko kina kosa. Halafu tazama ndani ya bori kwa tochi ya simu: tundu la moshi linatakiwa litokeze chini kabisa. Likiwa milimita 4 au 5 juu ya sakafu, tumbaku ya chini haitaungua kamwe, itabaki matope. Mwisho chomoa shilamu uone kama ncha yake inafika mwisho wa tundu la shingo. Pengo kubwa ni kisima kingine. Kiko kikifaulu haya matatu, usinunue kingine.

Baada ya kuvuta, subiri kipoe kabisa, zungusha shilamu kwa upole upande mmoja, safisha kwa waya, pangusa bori kwa karatasi laini, kisha kiweke kikauke, bori likiwa chini. Vitabu husema saa 24 za mapumziko. Kwa hewa yetu kipe saa 48. Ukivuta mara nne kwa wiki kwa kiko kimoja, mbao haipati nafasi ya kukauka, na hilo peke yake linatosha kuleta uchungu. Shilamu nyeusi za mpira mgumu usiziache juani wala mbele ya gari: hugeuka kijani-kahawia na kuonja salfa.

Ndani ya bori kutajengeka ukoko, na ukoko huo unatakiwa, kama ukoko wa wali unavyokinga sufuria. Uache ufike milimita 1 hadi 1.5, unene wa sarafu, kisha uukwangue usizidi hapo. Ukiwa mnene hutanuka kwa joto kuliko mbao na kulipasua bori. Asali ya rafiki yako iachie mkate. Asali huvuta unyevu, inaungua ikawa ganda jepesi linalobanduka, na siafu wa Tudor watakishukuru kiko chako kabla yako. Ukoko wa kweli hutokana na tumbaku peke yake.

Filta yeye ana nusu ya haki. Ile ya milimita 9 yenye mkaa hunywa maji kabla hayajafika mdomoni, na kwa mtu mwenye shida yako itapunguza malio na ukali. Lakini inataka kiko kilichotobolewa kwa ajili yake, huwezi kuisukuma kwenye kiko chochote, na inabadilishwa baada ya kila bori moja au mawili, kwani ikilowa inakuwa kizibo. Hatari za saratani haiziondoi.

Ukitaka kulinganisha bila gharama kubwa, chaguo bora kuliko kiko cha bei ni kiko cha gunzi la mahindi. Vinatengenezwa Missouri, Marekani, tangu 1869, na havijapitwa kwa wanafunzi. Gunzi hunywa unyevu, halihitaji kuzoeshwa, na ukiliharibu hutalia. Kausha tumbaku, vuta kwenye gunzi mara tatu. Ukali ukiisha, umejua kwamba kiko chako cha mbao kilihitaji kusafishwa na kupumzishwa. Ukali ukibaki, badilisha aina ya tumbaku kabla ya kubadilisha kitu kingine. Kuhusu viko vya kuchongwa vinavyouzwa kwa watalii pamoja na vinyago, viache viwe mapambo. Mbao yake haijachaguliwa kwa moto kama ile ya fundo la mizizi ya mti wa briari wa nchi za Mediterania, na vingi vimeng'arishwa kwa dawa ya viatu. Tumbaku ya majani ya sokoni, ile ya kutafuna, usiitie kikoni. Ina nikotini nyingi kwa mtu mgeni.

Mtoto. Ndiyo, uwe na wasiwasi. Moshi wa barazani huingia kwa dirisha, na unaobaki kwenye nguo na mikono humfikia ukimbeba. Vuta mbali na mlango na madirisha, nawa mikono na uso, badilisha shati ndipo umchukue. Kubwa zaidi ni ile pakiti yenye harufu ya vanila. Kwa pua ya mtoto wa miaka miwili hiyo ni biskuti. Kiasi kidogo cha tumbaku kikimezwa kinaweza kumtapisha, kumlegeza na kumharibia pumzi. Chupa, majivu na waya zilizotumika ziwe kabatini kwa kufuli. Akila, usimpe maziwa wala kumtapisha. Mpeleke hospitali papo hapo na uibebe tumbaku yenyewe.

Kwa sasa pumzisha ulimi siku saba kamili. Usiuguze kwa pilipili, ndimu wala chai ya moto. Maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo, nusu kijiko cha chai kwa glasi, mara mbili kwa siku yanatosha. Mchomo wa kawaida hupona ndani ya wiki. Simama mbele ya kioo mchana, toa ulimi, uinue, tazama na pande zake, ndani ya midomo na juu kwenye kaakaa. Kaakaa la mvuta kiko linaweza kugeuka jeupe lenye vidoa vyekundu kwa sababu ya joto. Aghalabu hurudi likiachwa kuunguzwa, lakini lionwe na daktari wa meno, lisihukumiwe na kioo. Kidonda kisichopona kwa wiki mbili, doa jeupe au jekundu lisilosuguka, uvimbe mgumu, ganzi, taabu ya kumeza au sauti iliyokauka zaidi ya wiki tatu, usisubiri wala usinunue dawa ya kupaka dukani. Nenda kwa daktari wa meno au wa koo, Coast General au kliniki iliyo karibu nawe, umwambie wazi kwamba unavuta kiko, tangu lini na mara ngapi. Andika tarehe uliyoliona doa kwa mara ya kwanza, kwa sababu hilo ndilo atakalokuuliza mwanzo.